Nani Atamwambia Straika Mkongwe?

Mshambuliaji akikosa mabao matatu ya wazi, Malaba nzima huanza kumhesabia umri. Yupo atakayekumbuka kumwona akicheza mashindano ya shule za msingi enzi za Moi. Yupo atakayeapa kwamba cheti chake cha kuzaliwa kimemeza miaka minne. Na dereva wa trela, aliyekwama kwenye foleni ya forodha tangu alfajiri na ambaye anamwona mchezaji huyo kwa mara ya kwanza maishani, ndiye atakayetoa hukumu ya mwisho: atemwe.

Mara nyingi hukumu hiyo ni ya haki. Nalisema mapema nisije nikadhaniwa wakili wa wazee. Straika huajiriwa afunge, na asipofunga kuna kijana benchi anayesubiri zamu yake, naye pia ana mama wa kumlisha. Kinachonikera ni yale yanayofuata baada ya hukumu: nani anamwambia mkongwe, anaambiwa lini, na kile kilichobaki kwenye mkataba wake kinaishia mfukoni mwa nani.

Busia na Malaba ni mahali pazuri pa kuliwazia jambo hili, kwa kuwa shabiki wa hapa hana ligi moja. Gor Mahia au AFC Leopards ameirithi kwa baba yake. Vipers na SC Villa anazijua kwa sababu redio za ng'ambo husikika hadi jikoni. Simba na Yanga amezipata kwenye king'amuzi. Pita kwa wabadilishaji pesa karibu na kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, kile kilichozinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, na utakuta ubishi wa ligi tatu ukiendeshwa huku noti za nchi mbili zikihesabiwa. Washambuliaji wenyewe ndivyo wanavyoishi. Straika aliyetemwa Nairobi huzuka Kampala au Dar es Salaam miezi michache baadaye, jezi ya rangi nyingine mwilini, na wale waliomzomea mwaka jana wanabaki wakijiuliza kama ni yeye au ni ndugu yake.

Timu za mtaani hazina shida ya barua. Iwe Marachi au Burumba mjini Busia, iwe Amagoro au Kocholia upande wa Teso, mkongwe hatemwi kwa maneno. Jumapili moja anafika uwanjani na begi lake, anakuta jezi namba tisa imevaliwa na kijana wa kidato cha tatu. Kocha anainama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zimefungwa. Mwenyekiti anamsogelea na kumuulizia habari za nyumbani, za mahindi, za ng'ombe yule aliyekuwa mgonjwa. Nusu saa baadaye mkongwe anajikuta ameshika kibendera pembeni mwa uwanja, na msimu ukielekea mwisho anaitwa kocha msaidizi, cheo kisicho na posho wala filimbi.

Ni ukatili, lakini una heshima yake. Hakuna aliyemtamkia mtu mzima mbele ya watoto kwamba amekwisha, na kwa Msamia, Mmarachi au Mteso hiyo si adabu ndogo. Tena hakuna aliyedhulumiwa, maana hapakuwa na pesa ya kudhulumu. Jezi zenyewe zililetwa na mwanasiasa wakati wa kampeni, jina lake likiwa kubwa mgongoni kuliko namba.

Pesa ikiingia, mambo hubadilika.

Chukua Meddie Kagere. Alizaliwa Uganda, akaichezea timu ya taifa ya Rwanda, na mashabiki wa Gor Mahia, yaani K'Ogalo, wakamkumbatia hadi ungedhani amekulia Kondele. Aliichezea Gor Mahia mara mbili, katikati akapita Albania kwenye klabu ya KF Tirana. Juni 2018, kwenye fainali ya SportPesa Super Cup uwanjani Afraha, Nakuru, Gor waliifunga Simba 2-0 na Kagere akawa mmoja wa wafungaji. Simba hawakungoja kuonywa mara ya pili; msimu ulipoanza alikuwa amevaa nyekundu. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 na kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania. Uliofuata akafunga 22, akawa mfungaji bora tena. Kila bao aliliandamanisha na ile ishara yake ya kuziba jicho moja kwa kiganja, na watoto wa mpakani wakaiga hata walipofunga kati ya mawe mawili.

Kisha mabao yakapungua. Msimu wa 2020/21 kiatu cha dhahabu kilikwenda kwa mwenzake wa Simba, John Bocco. Msimu wa 2021/22 Yanga walitwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja, na Msimbazi, makao ya Simba, mambo yakifikia hapo, lazima mtu aondoke. Katikati ya 2022 Kagere, akikaribia kutimiza miaka 36, akaagwa. Watanzania wana jina la kuagwa huko: mchezaji amepewa thenkyu. Klabu inaweka picha yake mtandaoni, maneno mawili matatu ya shukrani, na hadi jioni mashabiki wamekwisha kuanza kubishana kuhusu atakayevaa namba yake. Mwaka uleule akasajiliwa na Singida Big Stars, na baadaye Namungo.

Sioni kosa la Simba kumwacha. Sioni pia ubaya wa picha ya mtandaoni. Ni afadhali kuliko kimya. Lakini tangazo la namna hiyo husomwa na watu milioni moja kwa dakika tatu, na jambo la maana halimo ndani yake.

Jambo lenyewe ni hili. Sheria za FIFA haziruhusu klabu kuvunja mkataba wa mchezaji kwa sababu tu kiwango chake kimeshuka. Mabaraza yanayoamua migogoro ya wachezaji yamelirudia hilo mara nyingi: kukosa mabao si kosa la kinidhamu. Mkataba ukiwa wa miaka miwili, straika akiisha makali mwezi wa nane, miezi kumi na sita iliyobaki ni deni. Tangu 2018 kipo pia kifungu kinachompa mchezaji ruhusa ya kuvunja mkataba mwenyewe iwapo hajalipwa mishahara ya miezi miwili, baada ya kuipa klabu notisi ya siku 15.

Klabu zetu zinazijua sheria hizo. Ndiyo maana husikii mchezaji amefukuzwa. Unasikia wameachana kwa makubaliano ya pande zote mbili. Nyuma ya maneno hayo matamu kuna mambo ambayo kila anayekaa na wachezaji ameyasikia. Mkongwe anaambiwa afanye mazoezi peke yake saa kumi na mbili asubuhi. Jina lake halimo kwenye orodha ya basi. Mwenye nyumba anagonga mlango kwa sababu klabu imeacha kulipa kodi. Baada ya wiki tatu za hayo yote, karatasi ya makubaliano inaletwa, na mtu anasaini ili apate nauli ya kurudi kwao.

Wengine hawasaini. Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa iliondoa udhamini wake katika michezo ya Kenya wakati wa mvutano wa leseni na serikali, na Gor Mahia na AFC Leopards zikaachwa na wachezaji wa kigeni ambao mikataba yao iliandikwa enzi za neema. Mishahara ikakwama. Baadhi ya wageni walifungasha, wakapeleka madai yao FIFA, wakashinda, na miaka iliyofuata klabu zote mbili zikafungiwa kusajili hadi zilipe. Shabiki wa Leopards aliyekuwa akipiga kelele kwamba fulani atemwe hakujua kwamba kumtema kungemfanya akose straika mpya kwa madirisha kadhaa ya usajili.

Sasa nitoke nje ya soka kidogo, niende kwenye mchezo ambao wengi wetu tunauona wa Wamarekani tu, ingawa haujatupita mbali. Matrela mengi yatokayo Malaba au Busia kwenda Kampala hupita Lugazi, mji wa miwa kando ya barabara ya Jinja. Watoto wa Lugazi ndio waliokuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza michuano ya dunia ya besiboli ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012. Mwaka mmoja kabla, Waganda walikuwa wamefuzu lakini wakanyimwa viza. Mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na Los Angeles Dodgers. Upande wetu tumebaki na ule mchezo wa raunda ambao wasichana wa shule za msingi huucheza kwa ustadi mkubwa, kisha wakifika sekondari tunausahau.

Besiboli inanihusu hapa kwa sababu ya Albert Pujols. Mzaliwa huyu wa Jamhuri ya Dominika aliwapa St. Louis Cardinals ubingwa wa 2006 na 2011 na kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake mara tatu. Desemba 2011 Los Angeles Angels wakamchukua kwa mkataba wa miaka 10 na dola milioni 240. Katika mchezo huo mpigaji hupimwa kwa idadi ya mara alizoupiga mpira akafika salama, na hesabu yenyewe ina unyenyekevu mwingi: bingwa hufaulu mara tatu tu katika kumi. Pujols wa ujana alizidi hapo. Mwaka 2021, akiwa na miaka 41, alikuwa ameshuka chini ya mara mbili katika kumi. Tarehe 6 Mei, msimu ukiwa na umri wa mwezi mmoja na siku kadhaa, Angels wakamwondoa kikosini.

Sababu zilieleweka na kila mwenye macho. Kwenye kituo cha kwanza, alikokuwa akicheza, alikuwapo Jared Walsh, kijana aliyekuwa akipiga vizuri. Nafasi ya mpigaji asiyekaba, ambayo kwa kawaida ndiyo kiti cha wazee, ilikuwa ya Shohei Ohtani. Pujols alitaka kuanza mechi. Klabu haikuwa na pa kumweka. Kisha likaja jambo ambalo straika wa kwetu angelisikia asingeamini. Mshahara wa mwaka huo wa mwisho, dola milioni 30, ulibaki kuwa wake wote. Dodgers walipomwokota katikati ya mwezi uleule walimlipa kima cha chini cha ligi, na bili kubwa ikaendelea kwenda kwa Angels waliokuwa hawamtumii.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2022 Pujols alirudi Cardinals, akapiga mipira 24 ya kutoka nje ya uwanja akiwa na miaka 42, na tarehe 23 Septemba, kwenye uwanja wa Dodgers, akafikisha 700 katika maisha yake. Waliomtangulia kufika huko ni watatu tu: Barry Bonds, Hank Aaron na Babe Ruth. Alistaafu na 703.

Wengi huitumia hadithi hii kuwacheka Angels. Mimi siwacheki. Dodgers na Cardinals hawakumpa Pujols kazi ya kila siku. Walimpa hasa warushaji wa mkono wa kushoto, ambao jicho lake lilikuwa bado linawasoma, na siku nyingine wakamwacha akae, acheke na vijana, awafundishe. Angels walihitaji mtu wa mechi zote, na hakuwa tena mtu huyo. Mchezaji mmoja anaweza kuwa amekwisha kwa klabu moja na akawa hajakwisha kwa nyingine, na klabu zote mbili zikawa zimehesabu sawa.

Na sisi tunaye wetu wa kuthibitisha hilo. Dan Sserunkuma, Mganda, alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Kenya mwaka 2014 akiwa Gor Mahia, akaenda Simba kwa matarajio makubwa, na huko hakudumu. Ungewasikiliza wataalamu wa vibanda vya video ungeamini kwamba kazi yake imezikwa Msimbazi. Msimu wa 2017/18 akawa mfungaji bora wa ligi ya Uganda, Vipers wakawa mabingwa. Waliomzika hawakurudi kufukua. Nadhani walikuwa wamehamia kwenye mazishi ya mtu mwingine.

Tofauti kati ya Pujols na straika wetu, basi, haimo kwenye magoti. Imo kwenye nani anabeba gharama ya magoti. Kule klabu iliyokosea kukadiria miaka ndiyo inayolipa kosa lake. Huku kosa la mwenyekiti aliyetia saini mkataba mrefu kwa sifa hulipwa na mchezaji.

Namkumbuka pia Dennis Oliech, ambaye kuagana kwake na klabu kulichukua njia ambayo Wakenya pekee ndio wangeweza kuibuni. Huyu ndiye aliyefunga bao lililoizima Cape Verde Julai 2003 na kuipeleka Harambee Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia. Huko, Februari 2004, siku aliyotimiza miaka 19, alifunga tena Kenya ilipoilaza Burkina Faso 3-0. Alicheza Ufaransa kwa miaka, Nantes, Auxerre, Ajaccio. Januari 2019, akikaribia miaka 34, Gor Mahia wakamrudisha nyumbani, na mwezi uliofuata akawa miongoni mwa wafungaji Zamalek walipochapwa 4-2 Kasarani. Lakini mwaka huohuo kiti cha ubunge cha Kibra kikabaki wazi baada ya kifo cha Ken Okoth, Oliech akatangaza kwamba anakitaka, na Gor wakavunja mkataba wake. Tiketi ya ODM ilikwenda kwa Imran Okoth. Aliyesimama kwa Jubilee alikuwa mwanasoka mwingine, McDonald Mariga, naye akashindwa.

Siasa na soka zina uhusiano wa karibu huku kwetu kuliko tunavyokiri. Kaunti ya Busia pekee imetoa mawaziri wawili wa michezo, Paul Otuoma na Ababu Namwamba. Na huyo Otuoma aliingia bungeni kwa kumwangusha mkongwe asiyesahaulika: Desemba 2007, wapiga kura wa Funyula walimwacha Moody Awori, makamu wa rais, Uncle Moody wa nchi nzima, akiwa na miaka 80. Ndugu yake Aggrey alikuwa ng'ambo ya mpaka. Alikimbia mbio za kuruka viunzi kwa Uganda kwenye Olimpiki za Roma na Tokyo, alisoma Harvard, aligombea urais mwaka 2001. Ukoo mmoja, bendera mbili, na wote wawili walijua ilivyo umati unapoanza kutazama upande mwingine. Siwezi kusema Funyula walikosea. Naweza kusema kwamba walimwambia wenyewe, kwa kura, mchana kweupe.

Nirudi kwa Pujols. Ndani ya ule mkataba wake wa 2011 kulikuwa na kipengele kimoja cha ziada. Kilisema kwamba akistaafu kucheza, Angels watamwajiri miaka 10 zaidi kwa dola milioni 10, kazi ikiwa kuwa karibu na klabu, kufundisha, kusalimia watu. Klabu iliyomwondoa Mei 2021 ilimpokea tena mapema 2023 akiwa mwalimu. Hakuna aliyelazimika kuomba radhi. Karatasi ilikuwa imeandikwa miaka 11 kabla, wakati wote bado wanapendana.

Klabu ya Nairobi au Kampala haina dola milioni 10, wala ya Busia haina laki moja. Ina karatasi, hata hivyo, na ina wakati ule wa mwanzo ambapo mwenyekiti anatabasamu mbele ya kamera na straika anainua jezi. Hapo ndipo pa kuandika: ukiachwa kabla ya muda, utalipwa miezi mitatu siku hiyohiyo, nyumba ni yako hadi mwisho wa mwezi wa pili, atakayekuambia ni kocha, ana kwa ana, kabla ya mtandao kujua, na ukitaka, kuna nafasi ya kufundisha vijana.

Hiyo ya mwisho wasiiandike kwa lazima. Simba walipoagana na nahodha wao John Bocco mwaka 2024, baada ya miaka saba, walimfungulia mlango wa kufundisha vijana wa klabu. Haukupita muda mrefu akasaini JKT Tanzania, akarudi uwanjani kufunga.